Chembe zinazong'aa ndani ya uvimbe, kisha zikayeyuka

Swali: Jambo Profesa. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Lubumbashi, Katuba. Mama mdogo alipasuliwa uvimbe wa titi mwezi uliopita. Majibu ya labo yanasema kando za nyama iliyotolewa bado zina kansa, na munganga anataka kumrudisha mezani. Sasa katika kundi la familia la WhatsApp imezunguka sauti inayosema kuna chembe za "nano" zinazochomwa kwa sindano, zinaenda zenyewe kwenye kansa, zinawaka, munganga anaona kila kitu, halafu zinayeyuka mwilini zisiache kitu. Bwana mmoja wa mjini anasema anaweza kutuletea kutoka nje kwa dola elfu mbili, na wajomba wameanza kuzungumza kuuza parseli, yaani kiwanja cha familia. Je, habari hii ni ya kweli? Na metali ikiingia mwilini inayeyukaje?

Jibu: Mwalimu, pole sana kwa ugonjwa wa mama mdogo. Nianze na parseli, maana hilo haliwezi kungoja kemia: msiuze. Chembe zinazosimuliwa katika sauti hiyo zipo kweli. Zimetengenezwa, zimechomwa katika panya hai, zimeng'aa ndani ya uvimbe, na zimeyeyuka. Lakini hazijawa dawa ya binadamu. Hakuna mamlaka ya dawa iliyozipa kibali ili mpasuaji azitumie kutazama kando za uvimbe wa titi, kwa hiyo huyo bwana hawezi kuwaletea kitu ambacho hata maduka ya dawa ya Ulaya hayana. Atakacholeta ni kitu kingine.

Baada ya hapo tuzungumze kemia, maana swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote. Umeuliza kama mtu wa Lubumbashi. Hapa kwetu hatuhitaji kufundishwa kwamba metali ikishaingia mwilini haina haraka ya kutoka. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikutwa na kobalti nyingi mno, na kadimi na urani pia zilikuwa zimepanda. Kwa hiyo mtu akija na habari ya kutia chembe ndani ya damu ya mgonjwa ili zing'ae, mtu wa hapa huuliza kwanza zitatoka mwilini kwa njia gani. Watafiti wenyewe walichukua miaka kulipa swali hilo nafasi ya mbele.

Walianza na uzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliotawala uwanja walikuwa vitone vya kwantamu, yaani fuwele za kadimi na seleni zenye upana wa nanomita chache tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukizipiga na nuru zinarudisha nuru ya rangi nyingine, na rangi hiyo hutegemea ukubwa wa fuwele: ndogo hung'aa upande wa bluu na kijani, kubwa upande wa nyekundu. Hazififii upesi kama rangi za kawaida za maabara. Kazi ya kuzigundua na kuzitengeneza iliwapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, na walistahili.

Ila kadimi ni kadimi. Mwaka 2004 kundi la Sangeeta Bhatia, akiwa San Diego, lilionyesha kwamba vitone hivyo vikipigwa na hewa au miale ya urujuanimno vinaachia ayoni za kadimi, na seli za ini zilizokuwa karibu zinakufa. Ukivifunika kwa salfaidi ya zinki unapunguza tatizo, huliondoi. Mwaka 2012 watafiti wengine waliwachoma nyani vitone vilivyofunikwa vizuri wakawafuata kwa siku 90. Nyani walionekana wazima, damu yao haikuharibika, na wanaotetea teknolojia hiyo wanapenda kuishia hapo. Lakini baada ya siku 90 sehemu kubwa ya kadimi ilikuwa bado imekaa katika ini, bandama na figo. Kadimi ndani ya mwili wa binadamu hupungua kwa nusu baada ya miaka mingi, kati ya 10 na 30. Mtu aliyetibiwa saratani akapona hatakiwi kubaki na mzigo wa namna hiyo kwenye figo kwa sababu tu alipigwa picha.

Dhahabu nayo ilijaribiwa sana. Haina sumu ya kadimi, lakini haiyeyuki; ikishanaswa na ini hukaa humo miezi na miezi. Kwa mgonjwa aliyebakiwa na wiki chache za kuishi pengine haidhuru, ila mamlaka za dawa hufikiria pia yule atakayeishi miaka 30 baada ya sindano.

Kabla sijakueleza walivyotoka katika shida hiyo, kuna jambo la nuru unaweza kuwaonyesha wanafunzi wako bila gharama. Subiri umeme ukatike usiku, hutangoja sana, washa tochi ya simu na uifunike kwa vidole. Vidole vitawaka vyekundu. Tochi inatoa rangi zote, lakini bluu na kijani zimemezwa na hemoglobini. Nyekundu ndiyo iliyopenya hadi jichoni. Ukisogea mbele kidogo ya nyekundu, kati ya nanomita 650 na 900 hivi, damu humeza kidogo zaidi, na maji bado hayajaanza kumeza kwa nguvu. Hilo ndilo dirisha la infraredi ya karibu, na kila mtu anayetaka kuona kitu kinachong'aa ndani ya mwili hupitia hapo. Siku hizi wapo wanaotumia dirisha la pili, kati ya nanomita 1000 na 1700, ambako nuru hutawanyika kidogo zaidi ndani ya nyama na picha hutoka kali, lakini linadai kamera za aina nyingine, ghali sana.

Kwa hiyo masharti yalikuwa mawili: kitu king'ae ndani ya dirisha hilo, na kikimaliza kazi kigeuke kuwa kitu ambacho mwili tayari unakijua.

Jibu moja lilitoka kwa silikoni, elementi ya namba 14, ile ya paneli za jua na vifaa vya kompyuta. Mwaka 1956 Arthur Uhlir, akifanya kazi Bell Labs Marekani, alikuwa anajaribu kulainisha uso wa silikoni kwa umeme na asidi, akapata tabaka lenye rangi za ajabu lililojaa vitundu. Halikuwa alilotaka, likaachwa. Mwaka 1990 Leigh Canham wa Uingereza akaonyesha kwamba tabaka hilo likichimbwa vya kutosha linang'aa katika joto la kawaida la chumba. Silikoni ya kawaida haing'ai kwa kiasi cha maana. Kinachoiwezesha ni ule udogo wa vifuwele vinavyobaki kati ya vitundu. Miaka michache baadaye Canham huyo huyo akaonyesha kwamba silikoni yenye vitundu inaweza kuishi vizuri na tishu za mwili, na ikiwa na vitundu vingi vya kutosha inayeyuka kabisa.

Inavyotengenezwa, wewe utaielewa upesi kuliko wengi. Wanafunzi wa Katanga wanaijua elektrolisisi ya shaba ya Likasi, ambako shaba hutoka kwenye mmumunyo na kujijenga juu ya katodi. Hapa kazi iko upande wa pili. Kipande cha silikoni safi hufanywa anodi ndani ya mchanganyiko wa asidi ya hidrofloriki na ethanoli, na umeme unakila kikibaki na vitundu vyenye upana wa nanomita chache. Tabaka lililotobolewa linang'olewa, linavunjwavunjwa majini kwa mawimbi ya sauti, linachujwa hadi zibaki chembe za ukubwa unaotakiwa. Kisha zinaachwa ndani ya maji kwa muda. Uso wake unashika oksijeni, ganda la oksidi linajengeka kwa nje, na kwa ndani vinasalia vifuwele vya silikoni. Vifuwele hivyo ndivyo vinavyong'aa. (Msijaribu shuleni. Asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi bila kuumiza sana mwanzoni, halafu inakamata kalsiamu ya damu, na moyo unaweza kusimama.)

Na kuyeyuka ni huku:

Si + O₂ → SiO₂
SiO₂ + 2H₂O → Si(OH)₄

Hiyo ya mwisho ni asidi ya silisiki, na ndilo jibu la swali lako. Haiwi vumbi linalotuama mahali. Ni molekuli ndogo inayoelea katika maji, figo huipitisha bila shida, na imo katika damu yako sasa hivi, kwa sababu imo katika maji ya kunywa, katika mchele, katika maharagwe. Wataalamu wa lishe wanakadiria kwamba mtu hula kati ya miligramu 20 na 50 za silikoni kwa siku. Imo hata katika bia, kwa ajili ya maganda ya shayiri. Wapenzi wa bia ya Simba wasilichukulie hili kuwa agizo la munganga.

Sasa panya. Mwaka 2009 Michael Sailor wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, pamoja na Ji-Ho Park, Sangeeta Bhatia, Erkki Ruoslahti na wenzao walichapisha kazi ambayo nadhani mwenye sauti ile ya WhatsApp aliisikia kwa mbali. Walitengeneza chembe za silikoni zenye vitundu, kwa wastani nanomita 126, zinazong'aa katika infraredi ya karibu. Wakazipaka dekstrani, ambayo ni aina ya sukari yenye mnyororo mrefu. Wakazichoma katika mshipa wa panya waliokuwa na uvimbe, na baada ya saa kadhaa uvimbe ukaonekana ukiwaka kupitia ngozi. Wakaendelea kuwafuatilia. Ini na bandama zilikuwa zimenasa chembe nyingi, kama kawaida. Wiki moja baadaye silikoni katika viungo hivyo ilikuwa imepungua waziwazi, na baada ya wiki nne ilikuwa imetoka. Uzito wa panya haukupishana na wa wenzao ambao hawakuchomwa.

Kwangu mimi sehemu ya kusisimua si ule mwanga. Kung'aa ndani ya panya kulishafanywa na wengi. Sehemu ya kusisimua ni hizo wiki nne, na nataka nikae hapo kidogo, maana ndipo ufundi wote ulipo.

Figo ni chujio lenye mpaka. Mwaka 2007 kundi la John Frangioni kule Boston lilipima mpaka huo kwa vitone vya kwantamu wakaukuta karibu na nanomita 5.5: chembe iliyo chini ya hapo inatoka kwa mkojo, iliyo juu kwa mbali inabaki. Utaniuliza, kwa nini basi wasitengeneze ndogo tu, zikapita? Wapo waliofuata njia hiyo, nitawataja. Lakini chembe ndogo sana ina tatizo lake: inatoka haraka mno, mara nyingi kabla haijapata muda wa kujikusanya ndani ya uvimbe. Ukiifanya kubwa, inakaa katika damu na kuufikia uvimbe, lakini figo haiwezi kuitoa tena, na ini linaifungia. Silikoni yenye vitundu inaukwepa uchaguzi huo. Inaingia ikiwa nanomita mia na kitu, inatoka ikiwa molekuli moja moja.

Lakini lazima isiyeyuke mapema. Chembe tupu ya silikoni yenye vitundu, katika maji yenye pH na joto la damu, humalizika ndani ya saa chache, na nuru yake hufifia pamoja nayo, kwa sababu vifuwele vinavyong'aa ndivyo hivyo vinavyoliwa. Munganga angechoma sindano, mgonjwa angengoja chembe zifike kwenye uvimbe, na zikifika hakuna cha kuona. Ndiyo kazi ya ile dekstrani na lile ganda la oksidi: kuchelewesha. Ukichelewesha sana, unarudi kwenye tatizo la dhahabu. Kila kundi linalofanya kazi hii linahangaika na kipimo hicho: unene wa ganda, upana wa vitundu, aina ya mfuniko, vyote vikiamua ni saa ngapi chembe itabaki na nuru na ni siku ngapi itachukua kutoweka. Ukiona makala inasifu mwangaza wa chembe mpya bila kusema inamalizika lini na inakuwa nini, iweke kando.

Kuna zawadi moja iliyokuja bila kuitwa. Nyama ya mwili yenyewe hung'aa kidogo ikipigwa na nuru, na ngozi na chakula tumboni huchafua picha. Nuru hiyo ya asili hufa haraka, ndani ya sehemu chache za bilioni za sekunde. Silikoni yenye vitundu huendelea kung'aa muda mrefu zaidi, kati ya sehemu 5 na 13 za milioni za sekunde. Basi mwaka 2013 kundi hilo la Sailor likafanya jambo rahisi: piga mmweko wa nuru, funga kamera kidogo nuru ya nyama ife, ndipo ufungue. Ndani ya panya uvimbe ukajitenga na mandhari yake zaidi ya mara 20 kuliko kabla.

Na kasoro? Zipo, na sauti ya WhatsApp haikuzitaja. Ya kwanza: silikoni hii humeza vizuri zaidi nuru ya bluu na ya urujuanimno, ile ile iliyomezwa na vidole vyako kwenye jaribio la tochi. Yaani nuru inayotoka inapenya vizuri, lakini nuru ya kuiamsha haipenyi. Katika panya, ambaye uvimbe wake uko chini ya ngozi nyembamba, inavumilika. Katika mtu mzima ni habari nyingine.

Ya pili ni kubwa zaidi na haihusu silikoni peke yake. Wanaposema chembe "zinaenda zenyewe kwenye kansa", wanasema nusu ya ukweli. Uvimbe unaokua haraka hujijengea mishipa ya damu ovyo, inavuja kama gunia la makaa lililoshonwa kwa haraka, na chembe zinapenya katika mianya hiyo. Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walieleza jambo hilo Japani mwaka 1986, na kwa miaka mingi lilichukuliwa kama kanuni. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi likahesabu ni kiasi gani cha chembe zilizochomwa kweli kinafika kwenye uvimbe wa wanyama. Kipimo cha kati kilikuwa asilimia 0.7. Chini ya moja katika mia. Zilizobaki, nyingi zinaishia kwenye ini na bandama, ambako seli za ulinzi zinazikamata kama zinavyokamata bakteria. Na mishipa ya uvimbe wa binadamu haivuji sawasawa: uvimbe mmoja una sehemu inayovuja na sehemu isiyovuja, kwa hiyo mahali ambapo hapang'ai hapathibitishi kwamba hapana saratani. Kwa mama mdogo hilo ndilo lingekuwa la hatari zaidi, maana anayetafutwa ni seli chache zilizobaki pembeni.

Ya tatu ni umbali. Panya mzima ana uzito wa gramu 20 au 30. Nuru, hata ya dirisha zuri, ikipita katika nyama hutawanyika. Baada ya sentimita moja au mbili picha imekuwa ukungu. Kutafuta uvimbe ndani ya ini au kifua cha mtu mzima kutoka nje ni kazi ya ekografi (ultrasound), skana na MRI, na itaendelea kuwa kazi yake. Chembe za nuru zina nafasi yake pale mwili umefunguliwa, mpasuaji anatazama nyama yenyewe, na kilichobaki ni kujua aishie wapi kukata.

Silikoni haiko peke yake. Kuna PLGA, plastiki inayovunjika kuwa asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki. Pengine mama mdogo ameshawahi kuwa nayo mwilini, kwa sababu nyuzi nyingi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe ni za jamii hiyo. Watafiti huipakia rangi inayong'aa ndani. Wengine hutumia matone ya mafuta au protini ya damu, albumini. Wale wa njia ya udogo nimewaahidi: Ulrich Wiesner wa Cornell alitengeneza vichembe vya silika, yaani oksidi ya silikoni, vya nanomita 6 au 7 vyenye rangi ndani, na pamoja na Michelle Bradbury wa New York wakapata ruhusa ya Marekani mwaka 2011 ya kuvijaribu kwa watu. Mwaka 2014 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 5 wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Vichembe vilitoka kwa mkojo na madhara makubwa hayakuonekana. Wagonjwa watano, Mwalimu. Hivyo ndivyo hatua za mwanzo zinavyokuwa, na hakuna aibu ndani yake, ila si kitu cha kuuzia parseli.

Kuna dawa zinazong'aa ambazo mamlaka zimekwisha kubali, na ni vizuri uzijue, kwa sababu huenda ndizo sauti ile ilizichanganya na zile za panya. Ya zamani ni kijani cha indosianini, kilichopata kibali Marekani mwaka 1959. Hung'aa katika infraredi ya karibu, ini linaitoa, na nusu yake hutoka katika damu ndani ya dakika tatu au nne. Wapasuaji huitumia kuona mtiririko wa damu na tezi za limfu. Kwa uvimbe wa ubongo kuna dawa ya kunywa inayoitwa 5-ALA, iliyokubaliwa Ulaya 2007 na Marekani 2017. Kwa saratani ya ovari kuna pafolasianini, tangu 2021. Na kwa titi hasa kuna pegulisianini, iliyopata kibali Marekani Aprili 2024. Hii inachomwa saa chache kabla ya upasuaji. Vimeng'enya vilivyojaa kwenye uvimbe vinaikata, ikishakatwa inang'aa, na mpasuaji akishatoa uvimbe anatazama ndani ya lile shimo kwa kifaa maalumu kama kuna mabaki. Ndiyo hasa hali ya mama mdogo. Lakini inafanya kazi katika upasuaji ule ule wa kwanza, inahitaji kifaa chake, ina onyo kali la mzio unaoweza kuua, na si chembe ya nano. Ni molekuli.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibu. Zinaonyesha tu. Kukata ni kwa mkono wa mpasuaji.

Sasa mama mdogo mwenyewe. Mimi ni mkemia, si munganga, kwa hiyo nitakupa maswali ya kumpelekea munganga wenu, sitakupa maamuzi. Kurudishwa mezani si lazima kuwe dalili kwamba mpasuaji ameharibu. Katika tafiti nyingi za Ulaya na Marekani, hospitali zenye kila kifaa zimekuwa zikiwarudisha kiasi cha mwanamke mmoja kati ya watano waliotolewa uvimbe tu bila kuondolewa titi lote. Labo hupaka wino kuzunguka nyama iliyotolewa, kisha hutazama kwa darubini. Seli za saratani zikigusa wino, maana yake kisu kilipita ndani ya uvimbe. Tangu 2014 vyama vya wapasuaji na vya matabibu wa mionzi vya Marekani vinakubaliana kwamba kwa saratani iliyokwisha kupenya, inatosha wino usiguswe. Haihitajiki kukata nyama pana zaidi.

Kwa hiyo ombeni ripoti ya patholojia kwa maandishi, mtunze nakala. Ulizeni ni upande gani wa nyama ulioguswa wino, na kama mpasuaji aliweka nyuzi za alama za kuonyesha juu na pembeni. Zikiwepo, atajua arudi upande gani asikate kote. Ulizeni kama vipimo vya vipokezi vya homoni na vya HER2 (protini iliyo juu ya seli za saratani) vimefanywa, maana vinaamua dawa za baadaye, na bila hivyo matibabu yanakwenda kwa kubahatisha. Swali ambalo familia nyingi hulisahau ni la mionzi. Mwanamke akibakishiwa titi, kwa kawaida anahitaji kupigwa mionzi baadaye. Je, ataipata wapi, na lini? Wapo wagonjwa wa kwetu wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa hadi Lusaka, Zambia, ambako Hospitali ya Magonjwa ya Saratani ilifunguliwa 2007. Kama safari hiyo na makazi ya wiki kadhaa haviwezekani kwa familia yenu, mwambieni munganga mapema na waziwazi, kwa sababu huenda akashauri kuondoa titi lote badala ya kukata kando peke yake. Ni mazungumzo magumu na mama mdogo mwenyewe awepo. Wajomba wanaweza kuchangia fedha, titi si lao. Kama mna dola elfu mbili, au sehemu yake, zina kazi ya kutosha katika vipimo hivyo, safari na malazi.

Bwana wa mjini akirudi, msigombane naye. Mwambieni aandike kwenye karatasi jina la dawa, kiwanda kinachoitengeneza, na namba ya kibali cha ACOREP, mamlaka yetu ya kusimamia dawa. Kisha mwulize kamera iko wapi. Chembe za namna hii zinang'aa karibu na nanomita 800, na macho ya munganga, hata awe bingwa wa mabingwa, hayaioni nuru hiyo bila kamera ya infraredi, taa yake na vichujio vyake. Mtu anayeuza sindano peke yake anauza kitu ambacho hakuna mtu ndani ya chumba cha upasuaji atakayekiona.